Mikono Hailali Ndani

Jumatatu, 3 Julai

Mimi, Nabor Xolalpa, ndiye kijana mwenye akili kuliko watu wote waliozaliwa katika bonde hili tangu zile piramidi zijengwe. Waliozijenga nawahesabu pia, maana walipandisha mawe mpaka mawinguni wakasahau kuweka choo. Shule niliiacha darasa la sita. Watu husema nilishindwa. Uongo. Mwalimu ndiye alishindwa, mimi nilimhurumia nikaondoka. Daftari hili lina hesabu zangu za mwisho kwenye kurasa za mbele, zote sahihi, isipokuwa zile zenye wino mwekundu.

Naliandika kwa sababu moja: ushahidi. Mwenye akili huibiwa, na siku nitakapoibiwa nataka kila kitu kiwe kimeandikwa, tarehe na jina la mwizi.

Jambo lenyewe ni hili. Jana baada ya misa Donya Hilaria, mwenyekiti wetu wa wakulima wa mpungate, ule mmea wa miiba wenye matunda matamu, alipanda juu ya kreti akasema amechoka kuona watu arobaini wakivuna huku mikono imevimba kama maboga. Kila mwenye akili atengeneze mikono ya kuvaa, kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko, itakayozuia awate. Jumapili ya tarehe 27 Agosti yote iletwe uwanjani. Itakayoshinda watashonewa wavunaji wote, na itaitwa kwa jina la aliyeibuni.

Mikono ya Nabor. Itamke polepole uone inavyokaa mdomoni.

Mwiba mkubwa wa mpungate si tatizo. Unauona, unaukwepa, ukikuchoma unautukana. Awate ni jambo lingine. Ni vinywele vya miiba, rangi ya asali, vyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, maelfu kwa maelfu kwenye kila tunda. Ukizilinganisha na upupu, upupu ni poda ya mtoto. Ndiyo maana tunavuna alfajiri, umande ukiwa bado umezishika. Jua likipanda na upepo ukaamka, zinaruka.

Mama yangu, Eduviges, anazijua. Jicho lake la kushoto lilikufa miaka tisa iliyopita kwa awate moja tu. Daktari wa kituo cha afya alimwambia mbele yangu, "Mama, hilo la kulia ulitunze kama mwana wa pekee." Mama akanitazama kwa hilo hilo la kulia. "Wa pekee ninaye, daktari, na hatunziki."

Baba alifariki nikiwa na miaka minne. Mistari ya mipungate tunayo kumi na minne, watu tuko wawili. Kumwambia mama asivune ni kumwambia kuku asichakure.

Jumatano, 5 Julai

Jaribio la kwanza. Nilikata suruali nene ya marehemu baba: miguu miwili ikawa mikono miwili. Saa moja shambani nikajuta. Kitambaa huzikaribisha awate kama wageni wa arusi, na kila ukikunja kiwiko zinacheza ngoma. Nimesugua mikono kichwani mpaka basi. (Nywele huzing'oa. Wenye upara wa hapa kwetu wana shida zao.)

Mama alikuwa akichekea kwenye sufuria ya maharagwe. "Baba yako alikuwa akiwashwa katika suruali hiyo hiyo," akasema. "Angalau imekaa katika ukoo."

Jumamosi, 8 Julai

Hakuna kitu. Nimevuna. Inawasha.

Jumapili, 9 Julai

Jaribio la pili: mpira wa ndani wa tairi la trekta. Awate haikupita hata moja. Ila kufika saa mbili asubuhi jasho lilikuwa linamwagika vidoleni kama bomba. Binamu yangu Tacho alikuja kuangalia, akakaa upande upepo unakotoka.

"Injinia! Awate hazikuingia, nakubali. Zimekufa kwa harufu."

"Cheka tu. Utakuja kuomba jozi ukipiga magoti."

"Nitaomba. Nitamvalisha mama mkwe."

Mbwa wetu bado hajarudi nyumbani.

Ijumaa, 14 Julai

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Nataka saa iandikwe: saa tisa mchana, mvua ikimwagika.

Nilikuwa nimelala natazama vigae. Kigae cha juu kimelalia cha chini, ndiyo maana maji hayaingii. Nikaruka nikagonga kichwa. Watu wote wa bonde hili huvaa glavu, halafu wanateremsha mkono wa shati juu ya glavu. Wajinga! Mvunaji wa mpungate hufanya kazi mikono ikiwa juu. Vidole ndivyo kilele cha paa. Awate humwagika toka vidoleni kuelekea kwapani, zinaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa mkono wa shati. Inatakiwa glavu ndiyo ifunike mkono, siyo mkono ufunike glavu. Miaka mia tano hakuna aliyeona. Nimeona mimi, tena nimelala.

Nimepata turubai la lori la mjomba wake Tacho. Lilikuwa limechakaa upande mmoja. Sasa limechakaa pande mbili.

Jumatatu, 17 Julai

Nimelipaka turubai nta ya mishumaa, nikalipiga pasi ya moto mpaka nta imezama. Awate zinateleza. Glavu ina vyumba vitatu: gumba, shahada, na wengine wote bweni moja. Kamba inapita mgongoni kama herufi X ili mkono usishuke ukiunyoosha juu. Na pale juu, karibu na bega, ambapo vumbi lote la awate huishia, nimeshona kola ya ngozi ya kondoo yenye sufu yake. Awate ikifika pale inanasa. Mwisho wa safari.

Nikiwa nashona kola, jirani yetu Don Librado akaegemea ukuta. Huyu mzee alikuwa fundi wa matandiko enzi farasi walipokuwa wengi kuliko pikipiki. Siku hizi anatia viraka viatu na kutazama nyua za watu. Mguu wa kulia anauburuta. Jino moja ni la fedha, na hulitoa kwa tabasamu anapotaka kitu.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, Don Librado."

"Hiyo sufu ya nini?"

"Inakamata awate."

"Aa. Inazikamata." Akatikisa kichwa muda mrefu, kama anayekariri. "Na ukishazikamata, unazipeleka wapi?"

Swali gani hilo? Mtu asiye na nia ya kushona ya kwake anauliza swali kama hilo kwa nini?

"Hiyo ni siri ya kiwanda," nikamwambia. Mama alikuwa pale anachambua maharagwe, akacheka. Mzee akatoa lile jino, akaondoka. Nimeandika jina lake hapa chini na kulipigia mstari.

Librado.

Jumamosi, 22 Julai

Mama amevaa mikono yangu tangu umande mpaka saa nne. Tuliporudi aliikunja blauzi yake, akanyoosha mikono kwangu kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Nne," akasema. "Nimehesabu. Nne tu."

Mwaka jana tulikuwa hatuhesabu.

Halafu akaanza kuimba anapika, na mama haimbi. Nilipokuwa naingia na mikono mabegani akanizuia mlangoni kwa mwiko. "Wapi na hiyo? Mikono hailali ndani."

"Najua, Mama. Mimi si mtoto."

"Mtoto anajua. Mwenye akili ndiye husahau."

Nimeitundika nje ukutani, kama inavyotundikwa nguo ya shamba ya kila mtu. Hapa hata askofu akija amevaa ya shambani ataivulia nje.

Jumanne, 25 Julai

Kuna mtu ameigusa.

Jana niliifunga kamba fundo la kamba ya kiatu. Leo jioni lilikuwa fundo la tandiko, lile la kupinda mara mbili. Nani katika kijiji hiki anafunga fundo la tandiko? Sisemi. Naandika tu.

Alhamisi, 27 Julai

Tena. Safari hii kola imegeuzwa ndani nje, sufu inaangalia jua. Mtu amekuwa akihesabu mishono yangu. Chini ya ukuta kuna alama za kandambili za tairi: mguu wa kushoto umekanyaga vizuri, wa kulia umechora mstari.

Nikamwonyesha Tacho. Akachuchumaa kama polisi.

"Binamu, huyu ama ni nyoka aliyevaa kiatu kimoja, ama ni Don Librado."

"Ndivyo nilivyosema."

"Na juzi nilimwona barazani kwake anakata turubai. Jipya, la kijani. Nilipopita akaliweka chini ya kiti."

Turubai! Jipya!

Ijumaa, 28 Julai

Sikula vizuri. Mvua.

Jumanne, 1 Agosti

Don Librado amemletea mama maua ya maboga, kikapu kizima. Akakaa jikoni mwetu, kofia magotini. Mama akampikia chapati za mahindi na hayo maua, wakaongea habari za mvua kana kwamba mvua ni ndugu yao. Mimi nilisimama mlangoni.

"Kaa, Nabor," mama akasema. "Umesimama kama mdai."

"Nimezoea kusimama."

"Fundi ana mawazo," mzee akasema. "Vipi ile kola? Haijajaa?"

Haijajaa! Ona anavyochimba.

"Kola yangu haijai, Don Librado. Ni ya kisasa."

Akamtazama mama, mama akatazama chapati. Alipokwenda nikamwambia mama ajihadhari, mgeni wa maua hutaka bustani. Nikamwambia na ile ya wahenga: kikulacho ki nguoni mwako. Mama akaniambia, "Wewe nguo zako zifue kwanza."

Jumamosi, 5 Agosti

Leo nimemwona kwa macho yangu. Tulikuwa tumelala baada ya chakula, mvua inaanza kudondoka. Nikatoka kimya, nikajibanza nyuma ya tanki la maji. Yupo. Amekaa kwenye jiwe letu, amenipa mgongo, mikono yangu iko juu ya goti lake, na kiwiko chake kinakwenda mbele, nyuma, mbele, nyuma. Anapima! Kila sehemu ya kola anaipima, anageuza, anaipima tena. Kisha akaipigapiga kwenye jiwe, nadhani kujaribu uimara wa mshono.

Ningeweza kumvamia. Nina nguvu za watu watatu, kila mtu anajua. Lakini mtu mwenye akili hamkamati mwizi akiwa na mguu mmoja tu dirishani. Anaondoa kilichomo ndani ya nyumba.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimepata mahali. Sanduku la mama la mbao, chini ya kitanda chake. Ndani mna shali nyeusi ya hariri ya marehemu bibi, ambayo mama huivaa mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Bikira, tarehe 15. Hakuna mtu anayefungua sanduku lile kabla ya siku hiyo. Nimeifunga mikono ndani ya shali, raundi mbili. Alfajiri nitaitoa, mchana nitairudisha, mama akiwa uani anafagia matunda kwenye majani kuyatoa awate.

"Mbona mikono haipo ukutani?" akauliza.

"Nimeitundika nyuma, kwenye kivuli. Jua linayeyusha nta."

"Una akili," akasema.

Najua.

Alhamisi, 10 Agosti

Don Librado amesimama ukutani dakika kumi anatazama mahali palipo patupu. Nilikuwa namhesabia.

"Fundi, mikono iko wapi?"

"Imelala."

"Imelala wapi?"

"Usingizini."

Hakutoa jino. Ameshikwa, na anajua ameshikwa. Raha niliyoisikia haina kipimo.

Jumamosi, 12 Agosti

Mama anajikuna shingo. Anasema ni joto.

Jumanne, 15 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia asubuhi.

Sikukuu, hakuna kuvuna. Niliamka kabla ya mama, nikaitoa mikono sandukuni, nikaitupa stoo ya mahindi, nikaikunja shali kama ilivyokuwa. Mama akaoga, akasuka nywele zake mikia miwili, akavaa viatu vyenye kisigino. Akaikung'uta shali mara moja mlangoni. Akaizungusha kichwani na shingoni. Nikamwambia, "Mama, ungekuwa na macho mawili wanaume wa kijiji hiki wangekufa." Akanipiga kofi la mgongoni, lile la mapenzi.

Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Mishumaa, joto, watoto wanalia. Don Librado alikuwa upande wa pili, kofia mkononi, viatu vimepigwa rangi. Nilimkazia macho misa nzima. Nilikuwa namtazama yeye, ndiyo maana sikumwona mama mapema.

Padri alipofika kwenye mahubiri mama alikuwa anatoka jasho. Akashika ncha ya shali, akajifuta paji la uso. Akajifuta jicho.

Kisha akajifuta tena, kwa nguvu. Kisha akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Nabor. Nitoe nje."

Uani pa kanisa jicho lilikuwa jekundu kama pungate lililopasuka. Machozi yanamiminika. Alikuwa anapapasa hewani mbele yake kwa ule mkono mwingine, na mbele yake hapakuwa na kitu, nilikuwapo mimi tu.

Watu wakakusanyika. "Ni upepo!" mmoja akasema. "Wameacha matunda yasiyofagiwa kule nyuma ya ukuta, mwaona?" Na kweli yalikuwapo makreti mawili. "Upepo, upepo," wote wakasema. Donya Hilaria akawatukana wenye makreti.

Don Librado akaja anaburuta mguu mbio. Hakusema upepo. Alimwekea mama kofia yake usoni taratibu ili asijisugue, akaniambia, "Kamwite Bibi Tomasa. Kimbia. Usinitazame, kimbia!"

Bibi Tomasa ndiye mkunga wetu, na ndiye mtoaji wa awate machoni. Hatumii kibano. Alimlaza mama kwenye benchi, kichwa mapajani mwake, akasukutua kinywa kwa maji ya chumvi, akaufungua ukope kwa vidole viwili, akaulamba ndani kwa ulimi. Ulimi unaona pale macho yasipoona. Akalamba, akatema kwenye kiganja. Akalamba, akatema. Mama hakupiga kelele. Alikuwa ananishika kidole gumba tu.

"Moja," Bibi Tomasa akasema. "Mbili." Tulikuwa tumezoea moja, kwa bahati mbaya mbili. "Tano." Watu wakasogea karibu. "Saba. Bado zipo, lakini zimezama. Ulimi wangu umefika mwisho. Mpelekeni mjini." Akakiangalia kiganja chake. "Upepo gani huu ulioleta saba katika jicho moja?"

Jumatano, 16 Agosti

Mjini. Hospitali. Wamemfunga kitambaa. Tacho alikuja na lori, hakutania hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha.

Nimefikiri sana. Kuna mtu aliyekaa karibu na makreti yale kabla ya misa. Kuna mtu aliyefika wa kwanza kwa mama. Kuna mtu anayejua habari za awate kuliko anavyosema. Naandika tu.

Jioni nimerudi nyumbani, na nilipoikunja shali vidole viliniwasha. Ni jasho. Nimeitupa kwenye kisima kikavu nyuma ya nyumba. Ilikuwa imezeeka.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimevuna peke yangu. Mistari mitatu. Iliyobaki kumi na mmoja niliikuta imekwisha kuvunwa, makreti yamepangwa kivulini, matunda yamefagiwa. Kwenye udongo, mguu mmoja mzima na mstari.

Jumapili, 20 Agosti

Mama amerudi na kitambaa chake. Amelala. Don Librado alikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Nilimfungulia kwa sababu sikupata sababu ya kutomfungulia.

Akakaa kwenye lile jiwe. Akafungua gazeti. Mlikuwa na brashi ndogo ya mizizi ya nyasi, imefungwa kwa uzi wa ngozi, imeshatumika mpaka imepinda upande mmoja. Na kijumba cha turubai la kijani, kama kipaa cha juu ya mlango, chenye matundu ya misumari.

"Hiki ni cha ukutani," akasema. "Mikono inatundikwa chini yake, mvua haiigusi. Ili mtu asishawishike kuiingiza ndani. Nilitaka nikupe kabla ya tarehe 27, uende nacho."

Nikauliza, "Na brashi?"

"Brashi si ndiyo ile. Nilikuwa nakuja mchana mmelala, naisugua ile kola, naigonga kwenye jiwe, naigeuza ikauke. Ilikuwa inajaa, kijana wangu! Siku moja tu inakuwa kama nungunungu. Nililihofia jicho la mama yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza unazipeleka wapi, ukasema siri ya kiwanda. Mama yako yuko pale. Nikaona haya kumfundisha fundi kazi yake mbele ya mama yake." Akajikuna kidevu. "Halafu siku moja niliona kichwa chako nyuma ya tanki. Unanitazama, hukusema neno. Nikajisemea, kumbe anajua. Ana adabu, hataki kunikatiza."

Kuku walipita. Niliwatazama mpaka wakaisha.

"Baadaye sikuiona tena ukutani," akasema. "Ulipata njia nzuri zaidi?"

"Ndiyo," nikasema.

"Nilijua," akasema. Na akalitoa lile jino, na halikuwa linataka kitu.

Jumatano, 23 Agosti

Mvua. Nimesugua kola kwa brashi mpaka mkono umekufa ganzi. Zilizotoka zilijaza kifuniko cha soda.

Jumapili, 27 Agosti

Nimeshinda.

Walikuwapo watu tisa. Mmoja alileta ndoo zenye mashimo. Mwingine alileta mikono ya majani ya mahindi, mbuzi akaila kabla haijakaguliwa. Ya kwangu Donya Hilaria aliivaa mwenyewe, akavuna kreti zima mbele ya watu, akavua, akaonyesha ngozi. "Moja!" akapiga kelele. Makofi. Tacho akanibeba mabegani. Itashonwa jozi arobaini. Mikono ya Nabor.

Wakataka niseme. Nilikuwa na hotuba tayari tangu Julai, ina sehemu ya vigae na sehemu ya ujinga wa mababu. Sikuisema. Nilisema, "Kola isuguliwe kila siku. Brashi na kijumba ni vya Don Librado. Mikono hailali ndani." Wakacheka, maana hilo hata mtoto analijua.

Mama alikuwa mbele, kwenye kiti, hana kitambaa tena. Makofi yalipopigwa aligeuza uso upande wa kelele, akatabasamu kidogo kushoto kwangu, mahali ambapo sikuwapo.

Jumamosi, 2 Septemba

Mapungate yamekwisha. Mama anaona mwanga wa dirisha. Anaona kivuli changu nikisimama mlangoni. Uso wangu hauoni. Daktari wa mjini anasema tusubiri, na anavyolisema silipendi.

Leo alikuwa anachambua maharagwe kwa vidole. Don Librado alimwambia ni mazoezi, akija atakagua. Akaniita.

"Nabor, ule upepo wa siku ile. Ulitoka upande gani?"

"Mashariki, Mama."

"Ajabu. Mimi sikuusikia."

Akaendelea kuchambua. Jiwe huku, haragwe huku.

Nilisema daftari hili ni la ushahidi, na jina la mwizi nikaliandika mapema nikalipigia mstari. Nimeufuta ule mstari. Hapakuwa na upepo. Mishumaa ya madhabahuni ilikuwa imesimama wima, niliiona. Siku nane nilizifunga awate za mistari kumi na minne ndani ya shali ya mama, raundi mbili, kwa mikono yangu. Kisha nikasimama nikamtazama anajifunika.